Waya wa ubongoni na kidonge tusichokitafuta

Ndugu msikilizaji, siku hizi kuna picha za video zinazozunguka kutoka simu hadi simu. Mtu mzima ameketi kitini, mkono wake unatikisika kama kuti la mnazi wakati wa kusi, hawezi hata kushika kikombe. Kisha anabonyeza kidude fulani, na baada ya muda mfupi tu mkono umetulia tuli. Anatabasamu, anainua kikombe, anakunywa. Baada ya hapo anakizima kidude kile na tetemeko linarudi mbele ya macho yako.

Picha hizo ni za kweli. Hakuna kiini macho hapo, wala si mchezo wa kompyuta. Lakini maneno yanayosindikizwa nazo, yale ya kwamba sasa dawa ya kutetemeka imepatikana, hayo si ya kweli, na ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo. Yameanza kuwagharimu watu. Ukoo unaitana, unakaa kikao, unazungumza habari ya kuuza kiwanja ili mzee apelekwe ng'ambo akatiwe waya kichwani. Simwambii mtu asiuze kiwanja chake. Ninachosema ni kwamba kabla hajauza ajue ananunua nini, na ajue kama kile anachokifuata mbali hakimtaki kwanza apite mahali pa karibu zaidi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mwaka 1817 tabibu mmoja wa London, James Parkinson, alichapisha kijitabu kuhusu maradhi aliyoyaita kupooza kwa kutetemeka. Alieleza habari za watu sita tu, na baadhi yao hawakuwa hata wagonjwa wake. Aliwaona barabarani, mwendo wao ukamshangaza. Baadaye sana Mfaransa Jean-Martin Charcot alipendekeza ugonjwa huo uitwe kwa jina la Parkinson, na ndivyo unavyoitwa hadi leo dunia nzima.

Watu wengi wanadhani ugonjwa huu ni kutetemeka basi. Sivyo. Wako wagonjwa wasiotetemeka kabisa. Jambo kubwa zaidi ni uzito na ucheleweshaji wa mwili: mtu anataka kuinuka kitini lakini mwili hauitiki, anafunga vifungo vya shati kwa robo saa, anatembea kwa hatua fupi fupi kama anayeogopa kuteleza, mkono mmoja umeacha kupunga. Viungo vinakakamaa. Uso unakuwa mkavu, hauonyeshi furaha wala hasira, na watu wa nyumbani wanadhani amenuna. Sauti inafifia. Tetemeko, likiwapo, huonekana zaidi mkono ukiwa umepumzika mapajani kuliko ukiwa kazini. Na hapo ndipo linapotofautiana na matetemeko mengine yanayowapata watu wazima wakati wa kumimina chai au kutia saini.

Na kuna mwandiko. Baba yangu mdogo, aliyekuwa karani na mwenye mwandiko wa kujivunia, alianza kuandika herufi ndogo, na kadiri mstari ulivyokwenda ndivyo zilivyozidi kuwa ndogo, mwishoni zikawa kama sisimizi. Benki moja hapa mjini ilimrudisha mara tatu kwa sababu saini yake haikulingana na ile ya kwenye kadi. Mara ya tatu wakamwita mlinzi. Hakuna aliyemwambia aende hospitali, si wale wa benki wala sisi wa nyumbani, kwa kuwa nani angefikiri kwamba mwandiko ni dalili ya ugonjwa? Lakini ni dalili, na madaktari wanaijua vizuri.

Sasa ndani ya ubongo kuna nini? Katikati kabisa, sehemu ya chini, kuna eneo dogo ambalo kwa mtu mzima mwenye afya ni jeusi. Ubongo wa binadamu una chembe za fahamu zipatazo bilioni 86. Chembe nyeusi za eneo hilo ni laki kadhaa tu, lakini bila wao mwili hauendi. Kazi yao ni kutengeneza kitu kiitwacho dopamini na kukipeleka kwenye sehemu za ubongo zinazopanga mwendo. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, daktari kijana aliyekuwa akifanya utafiti mjini Paris, alionyesha kwamba kwa marehemu waliokuwa na ugonjwa wa Parkinson eneo lile jeusi limepauka. Chembe zimekufa. Mwaka 1960 watafiti wa Vienna walipima bongo za waliofariki na kukuta dopamini imepungua mno.

Wanasayansi wamegundua pia kwamba ndani ya chembe zinazougua hujikusanya madonge ya protini iitwayo alfa-sinukleini. Na hapa kuna jambo la kutisha kidogo. Mkono unapoanza kutikisika, ugonjwa si mgeni tena. Inakadiriwa kwamba kufikia siku hiyo nusu au zaidi ya chembe zile nyeusi zimekwisha kwenda. Kwa wagonjwa wengi mabadiliko hutangulia miaka mingi kabla: mtu anapoteza uwezo wa kunusa, anafunga choo mara kwa mara, au usiku anapiga mateke na kupiga kelele akiwa ndotoni. Kila moja ya hizo ina sababu nyingine elfu moja, kwa hiyo asiyesikia harufu ya samaki leo asikimbilie kuandika wosia. Ninazitaja ili tuelewe kwamba ugonjwa huu hauji kwa usiku mmoja kama kitu kilichotumwa na jirani.

Maana hayo nayo yapo. Mzee akitetemeka, kijijini na hata hapa mjini, watu hutafuta aliyemfanyia. Wengine husema ni uzee tu, aachwe apumzike. Wengine husema ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa nao ulimwenguni. Mwaka 2023 watafiti, wakiwamo wa Nigeria, walitangaza kwamba wamepata badiliko la kurithi linaloongeza uwezekano wa kuupata ambalo liko hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Muhammad Ali, aliyetua Dar es Salaam mwaka 1980 akiwa mjumbe wa Rais Carter, aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1984, na mwaka 1996 dunia ilimwona Atlanta akiwasha mwenge wa Olimpiki mkono ukitetemeka. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyetutembelea mwaka 1990 akiwa bado na nguvu zake, naye aliishia nao. Kwa hiyo ugonjwa hauchagui rangi, wala ngumi, wala dini.

Tuje kwenye waya.

Mwaka 1982 huko California vijana kadhaa waliletwa hospitali wakiwa wamekakamaa kama sanamu. Walikuwa wamejidunga heroini ya bandia iliyotengenezwa vibaya kichochoroni. Daktari mmoja, William Langston, pamoja na wenzake, walifuatilia wakagundua kwamba ndani ya uchafu ule mlikuwa na kemikali inayoua chembe zile zile nyeusi. Vijana wale walikuwa wamepata, kwa siku chache, kile ambacho kwa wengine huchukua miaka. Kwao ilikuwa msiba. Kwa sayansi ilikuwa mlango, kwa sababu sasa watafiti waliweza kuutengeneza ugonjwa katika nyani na kuchungulia ndani ya ubongo kuona kinachoharibika baada ya dopamini kukauka.

Walichokiona ni hiki. Kuna kiini kidogo, ukubwa wa punje ya kunde, kilicho chini ya sehemu iitwayo talamasi. Dopamini ikipungua, kiini hicho kinapandwa na wazimu. Chembe zake zinapiga kwa nguvu kupita kiasi, tena zinapiga pamoja, kwa mdundo mmoja, mara kumi na kitu hadi thelathini kwa sekunde. Sisi watu wa redio tunaielewa hali hiyo haraka. Ni kama pale kituo chenye nguvu kinapoingia kwenye masafa ya kituo chako: mtangazaji bado anasoma habari, mitambo ni mizima, lakini msikilizaji nyumbani anapata mngurumo tu. Amri ya kuinua mguu imetolewa, haifiki. Mwaka 1990 Mahlon DeLong na wenzake walionyesha kwamba ukikiharibu kiini hicho kwa nyani mgonjwa, nyani anaanza kutembea tena.

Kuharibu sehemu ya ubongo wa mtu ni jambo zito, maana kilichoharibiwa hakirudi. Lakini kule Grenoble, mji wa milimani nchini Ufaransa, daktari wa upasuaji Alim-Louis Benabid alikuwa amekwisha ona njia nyingine. Madaktari wa aina yake walizoea kuchoma kijisehemu cha talamasi ili kuzuia tetemeko, na kabla ya kuchoma walipitisha umeme kidogo kwanza kupima kama wamefika mahali penyewe. Benabid aliona kwamba umeme ule ukienda haraka, mara mia kwa sekunde au zaidi, tetemeko linakoma, na ukizimwa linarudi. Akajiuliza, kwa nini basi nichome? Mwaka 1987 yeye na mwenzake Pierre Pollak waliandika kuhusu kuuacha waya mle ndani ukiendelea kufanya kazi. Mwaka 1993 walianza kuutia kwenye kile kiini cha ukubwa wa kunde, na hapo haikutulia mikono tu, bali ukakamavu na uzito wa mwili pia ulipungua. Marekani iliruhusu waya huo kwa tetemeko mwaka 1997, na kwa ugonjwa wa Parkinson kwa mapana yake mwaka 2002. Benabid na DeLong walipewa tuzo ya Lasker mwaka 2014.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mgonjwa hufungwa fremu kichwani ili kichwa kisisogee hata kwa unywele. Fuvu linatobolewa tundu dogo. Waya mwembamba, wenye vituo kadhaa vya kutolea umeme kwenye ncha yake, unashushwa polepole hadi kiini. Mara nyingi mgonjwa huwa macho, kwa sababu ubongo wenyewe hausikii maumivu, na daktari anamwambia kunja ngumi, fungua, hesabu miezi ya mwaka, huku akitazama tetemeko linavyofanya. Kisha anapewa usingizi, waya unapitishwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, hadi kwenye betri iliyopandikizwa chini ya mtulinga, kama vile vifaa wanavyowekewa wagonjwa wa moyo. Betri hiyo hupeleka umeme mdogo sana, kiasi cha mipigo 130 kwa sekunde, mchana na usiku.

Wataalamu bado wanabishana jinsi hasa unavyofanya kazi. Wanachokubaliana ni kwamba mipigo ile ya haraka inauvunja ule mdundo mmoja wa kiini, mngurumo unazibwa, na amri za mwili zinapata njia. Mambo mengine yanaonyesha kuwa si swichi tu kama ya taa. Ukizima kifaa, tetemeko hurudi baada ya dakika chache. Ukakamavu na uzito hurudi taratibu zaidi. Na matatizo ya mwendo na kusimama huchukua saa kadhaa kurudi kikamilifu. Maana yake ubongo, baada ya kuishi na umeme ule, unakuwa umebadili kidogo namna mitandao yake inavyozungumza, na mabadiliko hayo hayafutiki papo hapo. Tangu mwaka 2025 Marekani imeruhusu aina inayousikiliza ubongo wenyewe: mdundo ule mbaya ukipanda umeme unaongezeka, ukishuka unapungua.

Hayo ni maajabu, na siyabezi. Mwaka 2006 Wajerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 156, nusu wakiwa na waya na nusu wakitumia dawa peke yake. Wenye waya waliishi maisha bora zaidi. Lakini mmoja wao alikufa kwa kuvuja damu ubongoni baada ya upasuaji. Nayo Grenoble yenyewe, mwaka 2003, ilitoa habari za wagonjwa 49 waliofuatiliwa kwa miaka mitano. Tetemeko na ukakamavu viliendelea kutulizwa vizuri sana mwaka wa tano kama mwaka wa kwanza. Lakini usemi, mwendo na akili za baadhi yao vilikuwa vimezidi kuharibika.

Hapo ndipo penyewe, ndugu msikilizaji. Waya unaziba mngurumo, hauzirudishi chembe nyeusi zilizokufa, na hakuna ushahidi kwamba unazizuia zilizobaki zisife. Ugonjwa unaendelea na safari yake chini kwa chini, ukienda sehemu za ubongo ambako waya haufiki. Mtu aliyewekewa waya bado ni mgonjwa wa Parkinson.

Tena umeme huo uko jirani na mambo mengine makubwa. Mwaka 1999 madaktari wa Paris walieleza habari za mama mmoja ambaye kituo kimoja cha waya wake kilikuwa milimita chache tu chini ya vile vingine. Walipokiwasha, mama yule asiyewahi kuugua huzuni alianza kulia na kusema hana haja ya kuishi. Walipokizima, kabla hata dakika moja na nusu haijaisha alikuwa amerudi katika hali yake. Fikiria ufinyu wa eneo hilo, na fikiria kwamba anayeketi na mgonjwa baada ya upasuaji kurekebisha nguvu ya umeme, mara moja, mara mbili, mara kumi, ni mtu anayehitaji kuijua kazi yake barabara. Operesheni ni siku moja, lakini marekebisho ni ya miezi ya mwanzo na kisha ya maisha yote. Betri za kawaida huisha baada ya miaka kama mitatu hadi mitano, zikabadilishwa kwa upasuaji mwingine. Zipo za kuchaji zinazodumu zaidi, nazo zina bei zaidi. Kwa jumla, huko Ulaya na Marekani gharama zote huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Kiwanja kimoja huenda kikatosha operesheni. Je, betri ya pili itauzwa kiwanja gani?

Lakini jambo ninalotaka hasa kila mwenye mzee nyumbani alisikie ni hili lifuatalo.

Kabla ya kumtia mtu waya, madaktari humpa kipimo kimoja. Wanamwachisha dawa usiku mzima, asubuhi wanaangalia anavyotembea na kufunga ngumi, kisha wanampa kipimo kizuri cha dawa iitwayo levodopa na kumwangalia tena. Akibadilika sana, huyo anaweza kufaidika na waya. Asipobadilika, kwa kawaida waya nao hautamsaidia, isipokuwa kwa tetemeko lenyewe ambalo mara nyingine hukaidi dawa lakini hutii umeme. Na dalili ambazo kidonge hakizigusi, kama vile kuanguka ovyo au kusahau, waya hauzigusi. Kwa maneno mengine, mlango wa kuingilia kwenye waya ni kidonge.

Kidonge hicho ni cha zamani. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iliyowalaza kama mizoga, kisha akawadunga levodopa, wakainuka. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1967 George Cotzias wa Marekani alionyesha kwamba wagonjwa wakipewa dozi kubwa kwa kuipandisha polepole wanainuka vile vile. Dopamini yenyewe haiwezi kuvuka kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, lakini levodopa inavuka, na ikifika mle inageuzwa kuwa dopamini. Siku hizi huchanganywa na dawa ya pili, kwa mfano carbidopa, inayoizuia isiharibike njiani. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haihitaji kutoboa fuvu.

Sasa tutazame hapa kwetu. Wataalamu wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Katika watu 161,071 walipata wagonjwa 33 wa Parkinson. Idadi si kubwa. Lakini asilimia 78 ya wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba wana ugonjwa huo. Na Hai si mahali palipojificha. Ni wilaya yenye barabara na uwanja wa ndege, chini ya mlima ambao dunia yote inakuja kuupanda. Wale wazee hawakukosa waya. Walikosa mtu wa kuwaambia wanaumwa nini, na wakakosa kidonge kilichovumbuliwa kabla wajukuu wao hawajazaliwa.

Kuna hofu nyingine inayozuia kidonge, na hiyo hutokea hata kwa wasomi. Watu husema levodopa inachosha mwili ikitumiwa mapema, kwamba ina miaka yake mitano tu ya kufanya kazi, kwa hiyo mgonjwa avumilie kwanza. Ni kweli kwamba baada ya miaka, dawa huanza kufanya kazi kwa kupanda na kushuka, na mwili hucheza wenyewe bila kuombwa. Lakini mwaka 2014 ulitolewa utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Ghana, ambao wengi walichelewa kupata dawa kwa sababu haikuwapo, na wagonjwa wa Italia waliopata mapema. Ilionekana kwamba matatizo hayo yanategemea umri wa ugonjwa na ukubwa wa dozi, siyo muda ambao mtu ametumia dawa. Waghana waliochelewa hawakupata faida ya kuchelewa. Waliteseka miaka ile bure.

Najua mtu atauliza habari ya upupu, na ana haki. Ule mmea tunaoukimbia porini kwa sababu ya muwasho, mbegu zake zina levodopa ya asili, na huko India zimetumika kwa tiba tangu zamani. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Bolivia kwa wagonjwa 18, na unga wa mbegu za upupu ulifanya kazi bila kushindwa na dawa ya hospitali kwa dozi moja moja. Kumbe porini kwetu kuna hazina! Ndiyo, lakini polepole. Wagonjwa 14 walipojaribu kuutumia kila siku kwa muda mrefu, nusu yao waliacha, wengine kwa kuvurugika tumbo na wengine kwa sababu hali yao ilizidi kuwa mbaya. Kiasi cha dawa hutofautiana mbegu na mbegu. Anayechuma upupu na kumtwangia babu yake bila daktari kujua anacheza na moto, hasa kama babu tayari anameza vidonge.

Basi kikao cha ukoo kikiitishwa, maswali ya kumuuliza daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni haya, na yaulizwe kabla ya kuulizana bei ya kiwanja. Je, ni Parkinson kweli? Maana zipo dawa zinazoleta dalili zinazofanana kabisa nayo, kama baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, au metoclopramide ya kuzuia kutapika ikitumiwa muda mrefu, na dalili hizo mara nyingi huondoka dawa ikiachwa kwa uangalizi wa daktari. Je, mzee amewahi kupewa levodopa kwa dozi ya kutosha na kwa saa zake, bila kukatishwa? Je, anaimeza mbali na nyama na maharage, ambavyo vinagombania nayo njia ya kuingia mwilini? Ikiisha dukani, nani anaitafuta? Hapa naomba tusikie vizuri: mgonjwa asiachishwe levodopa ghafla, kwani anaweza kupata homa kali na kukakamaa hadi kufa. Na kama imekwisha kuthibitika kwamba kidonge kinamsaidia lakini kinapanda na kushuka mno, akili zake ni nzima, na mwili unaweza kuhimili upasuaji, basi huyo ndiye anayestahili kuzungumziwa habari ya waya, na swali linalofuata ni nani atakayeurekebisha akishapanda ndege kurudi nyumbani.

Na kwa yule aliyekwisha kuwekewa, nina neno moja, maana sisi ni watu wa pwani. Mwaka 2019 madaktari wa Zurich walieleza kuhusu wagonjwa tisa waliokuwa waogeleaji wazuri, wengine hata wa mashindano. Baada ya kutiwa waya mwendo wao nchi kavu ulikuwa mzuri, lakini walipoingia majini mikono na miguu ilishindwa kupatana. Mmoja alijirusha ziwani kwa kujiamini na angezama kama jamaa zake wasingemwahi. Watatu kati yao walipozima kifaa, walianza kuogelea tena mara moja. Kwa hiyo mzee akirudi na waya wake na kutaka kwenda kuoga Coco Beach kama zamani, afuatane na mtu anayejua kuogelea, na mara ya kwanza wasivuke maji ya kiunoni.